Mto Uliofungwa kwa Mnyororo: Vita vya Paragwai, 1864–1870

Afrika Mashariki tunamkumbuka Richard Burton kwa safari ya Ujiji. Februari 1858 aliuona mwambao wa Ziwa Tanganyika, homa imemlegeza, akiwa na mwenzake Speke na Sidi Mubarak Bombay, baada ya miezi ya kutembea kutoka pwani. Wachache wanaofuatilia alikokwenda baadaye. Agosti 1868 Burton huyohuyo, sasa balozi mdogo wa Uingereza mjini Santos, Brazili, alikuwa amesimama kwenye kona ya mto Paragwai akiikagua ngome ya Humaitá, iliyokuwa imeanguka wiki chache tu nyuma. Magazeti yalikuwa yameisifu kwa miaka kuwa haipenyeki. Yeye alikuta matuta ya udongo, mahandaki, na kanisa lililobomolewa na mizinga. Alivunjika moyo.

Mimi nimebaki na swali ambalo Burton hakulimaliza. Ngome ya udongo imeshaanguka, mto umefunguka, mshindi anajulikana. Ilikuwaje basi vita vikaendelea karibu miaka miwili zaidi, hadi wakabaki wa kupigana watoto?

1811–1862: Nyumba yenye mlango mmoja

Tandaza ramani ya Amerika Kusini, kisha fuata maji. Paragwai haina bahari. Mto wake unashuka kutoka Mato Grosso, jimbo la ndani kabisa la Brazili, unapita Asunción, unaungana na Paraná, na maji yote hayo yanamwagika La Plata, penye Buenos Aires ng'ambo hii na Montevideo ng'ambo ile. Anayeshika mdomo wa mto ameishika Paragwai kooni. Lakini Brazili nayo, kwa kuwa haikuwa na barabara ya maana ya kufika Mato Grosso, iliutegemea mto huohuo kulifikia jimbo lake, na meli zake zilipaswa kupita mbele ya mizinga ya Paragwai. Kila jirani alishika ufunguo wa mlango wa mwenzake.

Utawala wa Hispania ulipoporomoka, Buenos Aires ilijiona mrithi wa koloni zima. Asunción ikakataa, ikajitenga 1811, na kuanzia 1814 ikawa chini ya mwanasheria mkali, José Gaspar Rodríguez de Francia, aliyeitwa El Supremo. Alifunga mipaka, akabana biashara, akalivunja nguvu Kanisa na matajiri wa Kihispania, na ardhi nyingi akaifanya ya serikali. Alipofariki 1840 aliacha nchi isiyo na deni, isiyo na vita vya ndani, na yenye raia waliozoea kutii bila kuuliza. Waandishi hupenda kulitaja deni hilo ambalo halikuwapo. Utii nao hupitwa haraka mno, ilhali ndio uliokuja kulipiwa kwa damu.

Mrithi wake, Carlos Antonio López, alifungua madirisha. Ajentina ilikubali kuitambua nchi yake 1852, baada ya dikteta Rosas kupinduliwa Buenos Aires. Waingereza wakaajiriwa kwa mishahara minono: mainjinia, madaktari, mafundi wa meli. Kiwanda cha kuyeyusha chuma kikafunguliwa Ybycuí, na 1861 treni ya kwanza ikatoka Asunción. Mwanawe, Francisco Solano, ambaye alikuwa amekabidhiwa jeshi akiwa kijana wa miaka kama 18, alitumwa Ulaya 1853 kununua silaha. Alirudi na meli ya kivita, Tacuarí, na akafuatwa na Eliza Lynch, mwanamke wa Ireland aliyempenda Paris, ambaye angemzalia watoto na kuwa naye hadi siku ya mwisho.

Mipaka ndiyo iliyobaki kiporo. Brazili na Paragwai hazikukubaliana mpaka upite mto upi kaskazini. Na Ajentina kulikuwa na ugomvi wa Misiones na nyika ya Chaco. Mwaka 1856 Brazili na Paragwai ziliahirisha suala hilo kwa miaka sita. Miaka sita iliisha 1862, na Septemba ya mwaka huohuo mzee López akafariki. Inasimuliwa kwamba akiwa kitandani alimuusia mwanawe mambo ya Brazili ayamalize kwa kalamu. Huenda ni maneno yaliyotungwa baada ya maafa, lakini aliyeyatunga alijua pa kugusa.

1863–1864: Moto wa jirani

Moto uliwaka Urugwai. Nchi hiyo ndogo ilikuwa imegawanyika kati ya vyama viwili, Blanco na Colorado, ambavyo vilirithisha uadui kama watu wanavyorithisha shamba. Aprili 1863 Jenerali Venancio Flores wa Colorado alivuka kutoka Ajentina na kuanzisha uasi dhidi ya serikali ya Blanco. Rais wa Ajentina, Bartolomé Mitre, alitangaza kwamba haegemei upande wowote, huku msaada ukivuka mto. Kwa upande wa Brazili, wafugaji wa Rio Grande do Sul, ambao wengi walikuwa na mashamba makubwa ndani ya Urugwai, walilalamika kwamba wanaibiwa na kuuawa. Serikali ya Rio de Janeiro iliwaogopa wafugaji hao. Kizazi kimoja nyuma walikuwa wameasi kwa miaka kumi. Agosti 4, 1864, ikaipa Urugwai onyo la mwisho.

Serikali ya Blanco ilikuwa ikimlilia López. Agosti 30 naye akaionya Brazili: jeshi lake likiingia Urugwai, mizani ya nchi za La Plata itakuwa imevunjika, na Paragwai haitanyamaza. Rio hawakumjali. Oktoba wakaingia.

Methali yetu inasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi ziliwafuata tembo. Paragwai ilikuwa na watu kama 450,000, kwa makadirio yanayokubalika na wengi. Brazili ilikaribia milioni 10, Ajentina ilizidi milioni moja na nusu. Hata hivyo López hakuwa mwendawazimu kama alivyochorwa baadaye. Jeshi la kudumu la Brazili halikufika watu 20,000, nalo lilitawanyika katika nchi kubwa kama bara. Lake lilikuwa kubwa zaidi na liko pamoja. Alihesabu pia kwamba Urugwai wangesimama naye na kwamba majimbo ya Ajentina yaliyoichukia Buenos Aires yangeasi. Kwa hesabu ya miezi sita, mpango wake haukuwa upuuzi.

Novemba 12, 1864, aliikamata meli ya abiria ya Brazili, Marquês de Olinda, iliyokuwa ikipanda mto kama kawaida, ikiwa na gavana mpya wa Mato Grosso. Gavana huyo angefia kifungoni. Desemba majeshi ya Paragwai yakaingia Mato Grosso, yakateka ngome ya Coimbra na mji wa Corumbá pamoja na silaha na baruti tele.

Kisha mpango ukakwama. Urugwai iko kusini, na kuifikia kwa nchi kavu lazima ukanyage Ajentina. López aliomba njia, Mitre alikataa. Machi 1865 Bunge la Asunción likatangaza vita dhidi ya Ajentina pia, na Aprili 13 Waparagwai wakauvamia mji wa Corrientes. Wakati huo rafiki waliyekuwa wakikimbilia kumwokoa hakuwapo tena: Paysandú ilianguka Januari 2, Montevideo ikasalimu amri Februari 20, na Flores alikuwa ameshakalia kiti. López alijitafutia adui wa pili ili amfikie mshirika aliyekwisha kupinduliwa.

1865–1866: Ibara moja

Mei 1, 1865, Brazili, Ajentina na Urugwai ya Flores zilitia saini Buenos Aires Mkataba wa Muungano wa Nchi Tatu. Ulikuwa wa siri. Mwaka uliofuata Waingereza waliuchapisha, na dunia ikasoma kwamba mipaka ya baada ya ushindi ilikuwa imeshachorwa, kwamba Paragwai italipa gharama za vita, na kwamba ngome za Humaitá zitabomolewa. Ibara iliyouma kuliko zote ilisema silaha hazitawekwa chini hadi serikali ya López ing'olewe. Mkataba ulidai kwamba adui ni mtawala, wananchi hawana kosa. Lakini kwa mtawala ambaye nchi ilikuwa kama mali ya familia yake, ibara hiyo ilifunga mlango wa kuzungumza, na yeye kwa upande wake akaweka komeo.

Hapa niseme kidogo kuhusu Uingereza. Kuanzia miaka ya 1960 wanahistoria kadhaa wa Amerika Kusini walieneza hoja kwamba London ndiyo iliyopanga vita hivi ili kuvunja uchumi uliojitegemea. Hoja inavutia, hasa kwetu tuliotawaliwa na Waingereza. Ni kweli benki ya Rothschild iliikopesha Brazili. Lakini Waingereza hao hao walikuwa wakimwendeshea López kiwanda, hospitali na mitambo ya ngome, na Brazili yenyewe ilikuwa imekata uhusiano wa kibalozi na London tangu 1863. Majirani hawa walikuwa na sababu zao za kutosha.

Mitre aliwaahidi watu wake kufika Asunción katika miezi mitatu. Ilichukua zaidi ya mitatu na nusu, miaka.

Mwanzoni mambo yalionekana mepesi. Juni 11, 1865, huko Riachuelo, manowari za Brazili zilivunjavunja meli za Paragwai, na kuanzia siku hiyo Paragwai haikupata tena silaha kutoka nje. Septemba 18 jeshi lake lililoingia Rio Grande do Sul lilisalimu amri Uruguaiana, njaa ikiwa imelimaliza, mbele ya Mfalme Pedro II wa Brazili, Mitre na Flores waliosimama pamoja. Aprili 1866 Muungano ukavuka Paraná na kuingia Paragwai yenyewe. Mei 24, kwenye vinamasi vya Tuyutí, López alirusha karibu jeshi lake lote katika shambulio moja. Takriban watu wake 6,000 walikufa siku ile na wengi zaidi wakajeruhiwa. Bara hilo halikuwa limeona pigano kubwa kama hilo.

Septemba 12 López aliomba kukutana na Mitre. Walikaa saa kadhaa Yataytí Corá, marais wawili wanaozungumza Kihispania kimoja, wakaagana kwa kupeana mijeledi ya farasi kama ukumbusho. López alikuwa tayari kujadili mengi, isipokuwa kuondoka. Mkataba haukutaka jingine ila kuondoka kwake.

Siku kumi baadaye, Septemba 22, Muungano ulishambulia mahandaki ya Curupayty. Manowari zilitangulia kupiga mizinga tangu asubuhi, lakini makombora hayakuwafanya kitu Waparagwai waliojichimbia. Askari wa Brazili na Ajentina walitumwa kukimbia uwanjani, wakipambana na tope na miti ya miba iliyokatwa na kulazwa mbele ya handaki. Kama 4,000 waliuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa pili hawakufika 100. Luteni mmoja wa Ajentina, mchoraji Cándido López, alipoteza mkono wa kulia hapo. Alijifunza kuchora kwa mkono wa kushoto, akatumia miaka mingi kuchora vita hivyo: turubai ndefu, nyembamba, anga kubwa, na watu wadogo kama siafu.

1866–1868: Kwenye kona ya Humaitá

Baada ya Curupayty vita vililala kwa karibu mwaka mzima. Majeshi yalikaa kwenye maji yaliyotuama, na 1867 kipindupindu kikaingia kambi zote mbili. Kilifika hadi Buenos Aires, kikamwua makamu wa rais Marcos Paz mwanzoni mwa 1868, na Mitre ikabidi arudi nyumbani. Uongozi ukabaki kwa Mbrazili, Marquis wa Caxias, mzee mtulivu aliyeanza kwa kutengeneza hospitali na chakula kabla ya kutengeneza mashambulizi.

Brazili ilikuwa imechoka kutafuta askari. Novemba 1866 serikali iliamua kuwapa uhuru watumwa wake watakaokwenda vitani. Wamiliki wengine waliwatoa watumwa wao mahali pa watoto wao. Magazeti ya Paragwai yaliyatumia hayo kwa kejeli chafu, yakiwachora askari wa Brazili kama nyani. Ukisoma leo ukiwa Mwafrika huwezi kuwashangilia Waparagwai kwa moyo mkunjufu.

Hata hivyo magazeti hayo ni maajabu ya namna yake. Cabichuí lilichapishwa kambini, picha zake zimechongwa kwenye mbao na askari. Karatasi za ng'ambo zilipokwisha, wakatengeneza nyingine kwa nyuzi za mmea wa caraguatá. Nyimbo na vichekesho vilikuwa kwa Kihispania na kwa Kiguarani, lugha iliyokuwa ikisemwa na karibu kila askari, ambayo shuleni ilikuwa imezuiwa. Cacique Lambaré liliandikwa kwa Kiguarani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa tofauti ya kuamrishwa kwa lugha ya ofisini na kutiwa moyo kwa lugha ya jikoni kwa mama.

Shaba nayo ilikwisha. Makanisa yakatakiwa kutoa kengele, zikayeyushwa, zikasubiwa mzinga wa tani zipatazo 12. Waliuita Cristiano, yaani Mkristo.

Humaitá yenyewe ilikaa pale mto unapopinda kama kwato ya farasi, kwa hiyo meli ililazimika kupunguza mwendo chini ya mizinga. Minyororo mizito ilivutwa kutoka ukingo hadi ukingo, ikielea juu ya vyombo. Manowari za Brazili zilivikwa chuma, ila zilihofia mnyororo. Zikaanza kuvizamisha vile vyombo kimoja kimoja, hadi mnyororo ukashuka chini. Usiku wa Februari 19, 1868, meli sita, tatu ndogo zikiwa zimefungwa ubavuni mwa tatu kubwa, zilipita juu yake katikati ya moto wa mizinga. Siku iyo hiyo, mbali kusini, Flores aliuawa kwa visu barabarani Montevideo. Ngome ilishikilia hadi mwishoni mwa Julai, walinzi wa mwisho wakiwa hawana chakula.

1868–1870: Vita baada ya vita

Hapa ndipo alipofika Burton, na hapa ndipo swali langu linapobana.

López alirudi nyuma hadi San Fernando, akaamini kwamba watu wake wanapanga njama. Mahakama za kijeshi zikaanza kazi ya mateso. Mamia waliuawa: maofisa, wafanyabiashara wa kigeni, mashemeji zake, ndugu yake Benigno, na Askofu Palacios. Baadaye hata mama yake mzazi alishtakiwa. Njama ilikuwapo au haikuwapo, wanahistoria bado wanavutana. Matokeo yake yalikuwa wazi: hakubaki mtu mwenye cheo ambaye angeweza kumwambia mkubwa kwamba inatosha.

Desemba 1868 Caxias aliliangamiza lililobaki la jeshi hilo katika mapigano ya Ytororó, Avay na Lomas Valentinas. Mwanzoni mwa Januari 1869 Wabrazili waliingia Asunción, wakaikuta karibu tupu, wakaipora. Caxias aliona kazi imekwisha, akaondoka. Mfalme Pedro hakuona hivyo. Alimtuma mkwewe Mfaransa, Count wa Eu, amfuate López milimani, kwa kuwa ibara ni ibara.

Agosti 15, 1869, serikali ya muda ya Waparagwai watatu iliapishwa Asunción chini ya bunduki za Wabrazili. Kesho yake, Agosti 16, uwanda wa Acosta Ñu, Jenerali Bernardino Caballero alibaki nyuma kumlinda López anayekimbia. Alikuwa na watu kama 3,500, wengi wao wavulana. Baadhi wamechorwa au kubandikwa ndevu ili kwa mbali waonekane wanaume. Mbele yao kulikuwa na Wabrazili wapatao 20,000. Walipigana karibu siku nzima. Nyasi kavu zikashika moto, na majeruhi waliokuwa wamelala humo hawakutoka. Paragwai leo huadhimisha Agosti 16 kama Siku ya Watoto.

Oktoba mwaka huo, kwa shinikizo la Count wa Eu, serikali ya muda ilifuta utumwa Paragwai. Count huyo alikuwa mkwe wa mfalme wa nchi yenye watumwa zaidi ya milioni moja.

López aliendelea kurudi kaskazini, akifuatwa na mikokoteni ya wanawake, wengine kwa hiari, wengine kwa kuswagwa kama wafungwa, wakila machungwa machungu na mizizi. Siku chache kabla ya mwisho alitoa amri ya kutunukia medali walionusurika katika mwendo huo. Waliotunukiwa hawakuwa na nguo za kuibandika. Machi 1, 1870, Wabrazili walimkuta Cerro Corá akiwa na watu wasiozidi mia tano. Alichomwa mkuki, akakataa kusalimu amri, akapigwa risasi kando ya kijito. Mwanawe Panchito, kanali wa miaka 15, aliuawa akilinda gari la mama yake. Eliza Lynch alichimba kaburi lao kwa mikono.

Baada ya 1870: Hesabu

Ni wangapi walikufa? Wasomi wamegombana sana, maana sensa za kabla ya vita hazikuaminika. Makadirio yanayotajwa zaidi yanaweka waliobaki karibu 150,000 hadi 170,000, yaani zaidi ya nusu ya taifa ilipotea, wengi kwa njaa na maradhi. Wanaume wazima waliosalia walikuwa wachache kiasi kwamba wanawake ndio waliolima, waliofungua tena soko la Asunción na waliolea kizazi kizima kisicho na baba.

Brazili ilipoteza watu kama 50,000, wengi kwa magonjwa, ikakaa Paragwai hadi 1876, na mkataba wa 1872 ukaipa mpaka ilioutaka. Ushindi huo uliimeza. Jeshi lililorudi lilikuwa limeonja heshima na kuonja kupuuzwa, na maofisa wake hawakutaka tena kutumwa kuwasaka watumwa waliotoroka. Utumwa ulifutwa 1888. Mwaka uliofuata Deodoro da Fonseca, aliyepigana Paragwai, ndiye aliyempindua Pedro II.

Ajentina ilipata Misiones, ikaidai Chaco, na suala likapelekwa kwa Rais Rutherford B. Hayes wa Marekani. Novemba 12, 1878, aliamua kwamba eneo lililobishaniwa ni la Paragwai. Hayes hakuwahi kukanyaga huko. Marekani wenyewe wanamkumbuka kwa nadra. Paragwai ina mji na mkoa mzima vyenye jina lake.

Kilichobaki cha nchi kiliuzwa. Serikali ilikopa London 1871 na 1872, fedha zikayeyuka kabla ya kufika, na miaka ya 1880 ardhi ile aliyoikusanya Francia ikapigwa mnada kwa makampuni ya kigeni. Rais aliyesimamia uuzaji huo alikuwa Bernardino Caballero, yuleyule wa Acosta Ñu.

López alitangazwa haini na serikali zilizomfuata. Mwaka 1936 serikali nyingine ilimtangaza shujaa mkuu, na mabaki yanayosemwa kuwa yake yakaletwa Asunción kwa heshima zote. Deni la vita kwa Brazili lilifutwa 1943. Mpaka wa 1872, kwenye maporomoko ya Guaíra, uliendelea kubishaniwa hadi miaka ya 1960, askari wakitazamana tena. Nchi mbili zikakubaliana kujenga bwawa la Itaipu, na 1982 maji yalipanda yakayafunika maporomoko pamoja na ugomvi wake.

Mzinga wa Cristiano Wabrazili waliuteka. Umehifadhiwa Rio de Janeiro, kwenye ua wa Makumbusho ya Taifa ya Historia. Paragwai imeuomba zaidi ya mara moja, na zaidi ya mara moja imeahidiwa kwamba jambo hilo litaangaliwa. Humaitá kuta mbovu za lile kanisa bado zimesimama juu ya mto, bila kengele.